Mafundo Matano Mguu wa Kushoto

Mimi ni mzima! Naanza na hilo kabisa, kwa sababu hapa kwetu Pito, Sumbawanga, wapo waliokwisha kupanga nani ataazima viti vya msiba wangu, na hata leo nikiwapita njiani wananitazama miguu kwanza, wahakikishe inakanyaga chini. Inakanyaga. Yote miwili. Nimehesabu.

Kazi yangu ni udalali wa ng'ombe. Mfugaji ana ng'ombe, mchinjaji ana kisu, mimi niko katikati napiga kelele. Sina mizani. Nina kamba ya katani niliyoifunga fundo kila baada ya upana wa kiganja. Naizungusha kifuani kwa dume, nyuma ya miguu ya mbele, nahesabu mafundo, narudia kuhesabu, kisha namwambia mwenye dume uzito wake. Yeye ananiambia mimi ni mwizi. Hapo biashara imeanza.

Sasa sikilizeni, kosa langu la kwanza ni la kazini. Dalali hanywi maji mnadani. Ukinywa utabanwa, choo kiko ng'ambo ya uwanja, na ukirudi ng'ombe wako amekwisha kuuzwa na dalali mwingine mwenye kibofu cha chuma. Basi mimi nilikuwa naondoka nyumbani na kikombe kimoja cha chai, narudi jua limeshuka na koo kavu kama gunzi. Na huku kwetu Ufipa upepo unakudanganya. Una baridi, huoni jasho, unadhani hujapoteza kitu. Miaka ishirini na zaidi nilijisifu kwamba naweza kukaa mnadani siku nzima bila kwenda haja ndogo. Kumbe nilikuwa natengeneza jiwe.

Maumivu yalinianza nikiwa kijiji cha Kate, nimekwenda kuangalia madume. Yalianzia nyuma, chini ya mbavu za kushoto, yakashuka kwenye kinena mpaka kwenye korodani. Nawaambia wazi, maana ningeambiwa wazi nisingefika nilikofika. Ni maumivu ya kukufanya usijue ukae, usimame au ulale. Nilifanya yote matatu kwa dakika moja mbele ya wateja. Nilitapika kando ya zizi. Mkojo ulitoka mchache, mwekundu kama chai ya rangi. Baadaye yakaachia ghafla, nikafuta mdomo, nikaendelea kubishana bei.

Yalirudi. Yakaachia tena. Halafu ikaja homa, na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo ni la sisi watu wa huku. Ilikuwa majira ya baridi, na Sumbawanga wakati huo kila mtu anatetemeka, hata mbwa. Nilipoanza kutetemeka sikushtuka. Nilivaa koti la pili juu ya la kwanza.

Mke wangu, Mama Skola, alinitazama asubuhi ya tatu.

"Baba Skola, mimi pia nasikia baridi. Lakini meno yangu hayagongani mpaka kuku wanakimbia."

"Ni upepo huu."

"Upepo ndani ya nyumba? Na hilo jasho ni la upepo?"

Alinigusa paji la uso, akaondoa mkono haraka kama aliyegusa sufuria. Mkojo wangu sasa ulikuwa na ukungu na harufu mbaya. Tulikwenda hospitali.

Daktari alikuwa binti mdogo, umri wa Skola wangu. Alinipiga altrasaundi, akageuza kile kioo nikione. Jiwe lilikuwa limekwama kwenye mrija unaoshusha mkojo kutoka figo ya kushoto. Mkojo umezibiwa njia, umeoza, figo imevimba na ina usaha.

"Baba, tunakulaza," akasema. "Siku saba za dawa ya mshipani. Na ndani ya siku hizo nakuandikia rufaa uende Mbeya wakazibue."

Mimi kusikia "saba" nikasikia bei ya kuanzia.

"Saba ni nyingi, daktari. Ninazo mbili."

"Baba, huu si mnada."

"Basi tatu. Tatu za mwisho."

"Saba."

Alinilaza. Dripu ilishuka, na siku ya tatu homa ikashuka nayo. Maumivu yakawa kidogo. Nilijisikia poa kabisa! Mnada ulikuwa keshokutwa. Daktari alikataa kuniruhusu, nami nikaomba karatasi, nikasaini kwa mkono wangu kwamba naondoka kwa hiari yangu mwenyewe. Nilipewa vidonge na onyo. Nilitoka getini nikitembea kwa maringo, naye Mama Skola nyuma yangu amenuna. Nimempunguza daktari siku nne! Hata mfugaji mgumu hajawahi kunipunguzia hivyo.

Vidonge nilimeza. Lakini Mbeya sikwenda, maji sikuongeza, na siku mbili nzima nilikaa kwenye kabini ya lori la ng'ombe, magoti yamekunjwa.

Siku ya tano tangu nitoke hospitali, niliamka mguu wa kushoto una uzito wa ajabu. Ulikuwa umevimba kuanzia pajani, umewiva, ngozi inang'aa, rangi imeelekea zambarau. Kuweka mguu chini ilikuwa kama kukanyaga gunia lililolowa. Mama Skola alikwenda ukutani, akachukua kamba yangu ya mnadani. Kamba hiyo haiguswi na mtu. Siku hiyo sikubisha.

Alipima kwenye nyama ya muundi, mguu wa kulia kwanza. "Mafundo manne."

Akapima wa kushoto, mahali pale pale. "Matano."

"Rudia."

Akarudia. "Matano, Baba Skola. Tena ya kubana."

Mchana akapita Masanja. Masanja ni mfugaji, wazazi wake walitoka Usukumani na ng'ombe wao yeye akiwa mgongoni. Tumeuziana madume miaka mingi, tumetukanana miaka mingi, ni mtani wangu na ni rafiki yangu wa kweli. Alinikuta uani nimekaa kwenye kigoda, suruali imekunjwa.

"Wee Mfipa, huo mguu umeuiba wapi? Huo si wako, huo ni wa dume langu lile uliloninyonya."

"Umevimba tu."

"Naona. Ng'ombe wangu akivimba hivyo namkanda maji ya moto, namchua na samli, kesho anakwenda malishoni. Mama Skola, tuchemshie maji."

Mama Skola alisema, "Twende hospitali kwanza." Mimi nikasema, "Akande kwanza, tutakwenda kesho." Mnaona? Nilipunguza tena.

Masanja ana mikono ya mtu aliyeshika pembe maisha yake yote. Alinikanda, akapaka samli, akachua kutoka kifundo cha mguu kwenda juu, anasukuma, anasukuma, na kweli nikasikia nafuu. Nilikuwa hata nimeanza kumtania kwamba anafaa kuwa mkunga. Ndipo nikachomwa mkuki. Sina neno jingine. Upande wa kulia wa kifua, ndani, nikivuta pumzi unachoma, nikiacha unachoma. Pumzi ikawa fupi. Nilikohoa, nikatema chini doa jekundu la ukubwa wa punje ya ulezi. Nikakohoa tena. Safari hii la punje ya hindi.

Masanja aliacha mikono hewani, inang'aa samli.

"Nimefanya nini, mtani?"

Sikuwa na pumzi ya kumjibu. Alikimbia barabarani, akarudi na bajaji, akaniinua mwenyewe kama ndama.

Yule daktari binti alinitambua kabla sijafika kitandani. Hakuniuliza kuhusu siku nne. Aliushika mguu wangu kwa vidole viwili, akaunusa mkono wake.

"Nani ameuchua mguu huu?"

Masanja alivua kofia. "Ni mimi, daktari. Kwa samli."

"Usiuguse tena. Hata kwa unyoya."

Alichukua tepu, akapima. Kulia sentimita thelathini na sita, kushoto arobaini na tano. Mama Skola akadakia pale pale, "Si ndiyo manne na matano niliyosema?" Daktari alimtazama, akaitazama ile kamba aliyoishika, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu kidogo. "Mama, umepima vizuri kuliko wengi."

Baada ya altrasaundi alikaa kwenye kiti kando yangu. Mjue, daktari akikaa, mambo si madogo.

"Baba, figo ilipojaa usaha, mshipa unaotoa damu kwenye figo nao umeathirika. Damu imeganda ndani yake. Bonge hilo limeota mkia, mkia umeingia kwenye mshipa mkubwa wa tumboni, ule unaorudisha damu moyoni. Nyingine imeganda pajani. Ulipochuliwa, nadhani kipande kimechomoka kikapanda kwenye mapafu. Ndicho kinachokuchoma."

"Na hilo kubwa?"

"Lipo. Linaning'inia."

"Likichomoka?"

Alimtazama mke wangu. "Mama, leo asinyanyuke kitandani hata kwenda chooni. Nimeanza dawa ya kuzuia damu isizidi kuganda. Gari la wagonjwa linamwahisha Mbeya."

Na mimi, wapendwa, pamoja na mkuki kifuani, mdomo ukafunguka wenyewe: "Daktari, hatuwezi kwenda keshokutwa, nikishamaliza..."

"Baba."

"Naam."

"Ulishanipunguza siku nne. Ndizo hizi."

Nimepigwa maneno na wachinjaji, wafugaji na wake za wafugaji. Hakuna aliyewahi kunifunga mdomo kwa maneno machache namna hiyo. Nilinyamaza mpaka Laela, njiani kwenda Mbeya.

Sasa ile safari! Kichwani kwangu kulikuwa na jambo moja tu: lile bonge linaloning'inia. Kila gari likiruka tuta nilisikia moyo unasimama kusubiri. Nilianza kuhesabu matuta. Tuta moja, nipo. La pili, nipo. Dereva alikuwa mwangalifu, lakini tuta ni tuta. Masanja alikataa kabisa kubaki nyumbani. Alikaa benchi la pembeni, mikono ameificha makwapani, kaibana, njia nzima, asije akasahau akanigusa. Mama Skola alikaa upande wa kichwa changu, anahesabu pumzi zangu kwa midomo. Tunduma malori yalikuwa yamepanga foleni kama ng'ombe wa mnada, king'ora kikalia, yakatupisha. Niliyapoteza matuta kwenye sitini na kitu. Ni hesabu pekee maishani mwangu ambayo sikurudia.

Mbeya walinipitisha kwenye mashine ile ya duara ya kupiga picha za ndani, wakathibitisha kila kitu. Daktari bingwa alikuwa mzee mpole wa sauti ya chini. Alinitoboa mgongoni, upande wa kushoto, akaingiza mrija kwenye figo. Nilichomwa ganzi lakini nilijua yumo. Kilichotoka kwenye mfuko kilikuwa usaha mzito, wa njano uliochanganyika na damu, unanuka hata mimi mwenyewe niliyekuwa nao nilishangaa. Nilikuwa natembea na kitu kile mnadani kote!

Wakaanza sindano za tumboni, asubuhi na jioni, kuzuia mabonge yasikue wakati mwili unayayeyusha taratibu. Tumbo langu likawa na madoa ya bluu kama kitenge. Na amri moja: tulia. Mimi! Mtu ambaye hata kanisani nasimama mlangoni.

Jirani yangu wa kitanda, mtu wa mjini aliyevunjika paja, alisikia natoka wapi.

"Sumbawanga? Sasa mzee wangu, mbona umeletwa na gari?"

Wodi nzima ikacheka. Utani huo wa uchawi tumezaliwa nao.

"Ungo uko gereji," nikamwambia.

Kicheko hicho kilinichoma kifuani vibaya sana, nami nikafurahi, maana aliyekufa hachomwi.

Kila asubuhi Mama Skola alitoa kamba kwenye mkoba. Wauguzi walikuwa na tepu yao, sisi tulikuwa na yetu. Siku ya kwanza matano. Siku ya pili matano. Siku ya tatu matano, nikamwambia anapima vibaya, akaniambia nipime mwenyewe kama naweza kuinama. Siku ya sita aliizungusha kamba, akahesabu kwa midomo tu.

"Sema."

"Ngoja nirudie."

"Sema, mama!"

"Matano, toa vidole viwili."

Jamani! Vidole viwili! Nilipiga kelele mpaka muuguzi akaja mbio akidhani bonge limechomoka. Masanja, ambaye alikuwa amefikia kwa ndugu zake mjini na kuja kila saa ya kuona wagonjwa, alisimama mlangoni na ile kofia yake, akaona mke wangu analia, akageuka kuondoka.

"Rudi, mtani!" nikamwita. "Analia kwa furaha!"

Aliingia, akakaa, kwa mara ya kwanza tangu siku ile akatoa mikono makwapani. Akaniambia taratibu, "Nilidhani nimekuua."

"Ulijaribu," nikasema. "Lakini wewe hata bei nzuri mnadani huiwezi, utaweza kuua?"

Alicheka, akalia. Sijawahi kumlaumu na siwalaumu mnaofanya kama yeye. Alinipa alichokijua, kwa moyo wote. Hatukujua tu, mimi wala yeye, kwamba ndani ya uvimbe ule kulikuwa na kitu kisichotakiwa kusukumwa.

Siku ya kumi na nne walirudia picha. Bingwa alikuja na karatasi mkononi, akakaa. Nilipoona anakaa nikashika chuma cha kitanda.

"Mkia umepungua," akasema. "Uliobaki umeshikana na ukuta wa mshipa. Hauning'inii tena."

"Hauning'inii."

"Hauning'inii."

"Rudia mara moja tu, daktari, samahani."

Akarudia, Mungu ambariki! Na ule mfuko wa mgongoni, mkojo ulikuwa umeanza kuja mweupe, safi, nikawa nautazama kama mtu anavyotazama mtoto wake akitembea. Figo haikuamka yote, lakini inafanya kazi. Wiki kadhaa baadaye, hali ilipotulia, walinirudisha wakalitoa jiwe lenyewe. Ni dogo, la ukubwa wa harage, lina miiba. Nililitazama kwenye kichupa nikaona aibu. Kitu kidogo hivi kimemlaza mtu mzima aliyezoea kuangusha madume.

Wakati wa kuruhusiwa, bingwa aliniambia nitameza vidonge vya kuzuia damu kuganda miezi sita, na kupimwa damu mara kwa mara.

"Kwa nini isiwe saba?" nikamwuliza.

Alishangaa. "Sita inatosha, tutapima tuone."

"Ongeza mmoja, daktari."

"Sita, mzee wangu."

Mama Skola alicheka mpaka akashika ukuta.

Nilimeza vyote, saa ile ile kila siku, navihesabu vilivyobaki mara mbili. Dawa hizo nazo zina masharti. Fizi zilitoka damu nikipiga mswaki kwa nguvu, ndevu niliacha kuzinyoa kwa wembe, na dawa yoyote ya kienyeji au ya kupunguza maumivu niliuliza kwanza. Sikukosa kipimo hata kimoja.

Sasa ninyi mnaosoma. Ukisikia maumivu ubavuni yanashuka kinenani, na mkojo umebadilika, nenda. Ukitetemeka na jasho linakutoka, usisingizie upepo wa Ufipa. Ukipewa siku saba, lala saba. Na mguu mmoja ukivimba ghafla, mwenzake hajavimba, usiuchue, usiukande, usimwachie mtu auchue hata awe mganga, mkunga au rafiki yako wa damu. Tafuta kamba, pima yote miwili mahali pale pale, uende hospitali siku hiyo hiyo. Ukibanwa kifua na kukohoa damu, usingoje hata kuvaa viatu.

Mnadani sasa nina dumu langu la maji. Nakunywa, nakwenda haja, nikirudi wamekwisha kuuza ng'ombe wangu. Wauze. Mwezi uliopita mama mmoja muuza maziwa, amejifungua siku chache tu, alikuwa amekaa kando ya uwanja, wenzake wanauchua mguu wake. Kabla sijafungua mdomo, Masanja alikwisha kuruka uzio.

"Acheni! Acheni mikono! Mfipa, leta kamba!"

Kulia matatu na nusu. Kushoto manne na nusu. Nilirudia mara moja tu, hapakuwa na muda. Alipanda gari la mchinjaji mmoja aliyeacha dume lake limefungwa pale pale, na sasa yuko nyumbani, ananyonyesha, anameza vidonge kama vyangu.

Namshukuru Mungu aliyenivusha matuta yale yote. Nawashukuru madaktari wawili, yule binti wa hapa aliyekataa kushusha, na yule mzee aliyekataa kupandisha. Namshukuru Masanja aliyekaa njia nzima na mikono makwapani. Mama Skola sitamshukuru hapa, karatasi itaisha.

Asubuhi hii nimepima. Kulia manne. Kushoto manne na kidole kimoja. Nikarudia. Manne na kidole kimoja. Bingwa alisema kidole hicho huenda kisiondoke, mishipa ikishaumia inabaki na alama.

Nimekichukua kama kilivyo. Sikuomba kipunguzwe.